Shujaa, Siri na Jirani: Historia ya Nyimbo za Mashujaa kwa Kuzingatia Mtaa wa Huruma, Eldoret

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa nyimbo za mashujaa katika Afrika umetawaliwa na swali la utanzu: je, Waafrika wanazo tendi, au hawana? Finnegan (1970) alitilia shaka kuwepo kwa utendi kama utanzu ulioenea barani. Okpewho (1979) alimpinga, naye Mulokozi akauendeleza mjadala huo kwa ushahidi wa nanga za Wahaya na tenzi za pwani ya Waswahili. Mjadala ulikuwa wa lazima, na matunda yake ni bayana katika silabasi za vyuo vikuu vyetu. Hata hivyo, uliacha kando swali jingine lenye uzito: shujaa wa wimbo ni shujaa wa nani? Na jirani asiye wa kundi la mwimbaji, anayeusikia wimbo huohuo ukutani au dirishani, anaupokeaje?

Makala hii inanuia kulijibu swali hilo kwa kuzingatia mtaa wa Huruma, Eldoret. Huruma ni wadi ya eneo bunge la Turbo katika kaunti ya Uasin Gishu. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, wa vyumba vya kupanga, vibanda vya biashara na mafundi, uliokua pamoja na viwanda na masoko ya mji. Wakazi wake ni Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo na wengineo, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Katika mtaa wa namna hii kila jamii imekuja na mashujaa wake na nyimbo zake, lakini kuta ni za mabati na sauti haina mipaka. Kwa sababu hiyo mtaa huu unafaa kuwa kipimo cha kuyapimia madai ambayo kwa kawaida hutolewa kuhusu nyimbo za mashujaa, hasa dai kwamba nyimbo hizo hujenga umoja.

Hoja kuu ya makala ni kwamba umbo la kale la wimbo wa shujaa limejengwa juu ya siri iliyofichuliwa. Umbo hilo linaweza kumtukuza anayekufa kwa kusalitiwa na mtu wa karibu, lakini halijapata namna ya kumtukuza mtu wa karibu anayekataa kusaliti. Historia ya Eldoret inaonyesha gharama ya upungufu huo.

2.0 Shujaa na Siri Yake

Katika fasihi ya Kiswahili mfano wa kwanza ni Fumo Liyongo. Utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 ulikusanya visa vilivyokuwa vikiimbwa na kusimuliwa pwani ya kaskazini kwa karne nyingi. Liyongo ana nguvu zipitazo za binadamu, ni malenga, na ni tishio kwa mtawala wa Pate. Hafi kwa mshale wala upanga wa kawaida. Siri ya kifo chake ni sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na anayeitafuta siri hiyo na kuitumia ni mwanawe wa kumzaa.

Umbo hilo si la pwani peke yake. Wajaluo wanasimulia habari za Luanda Magere, shujaa wa nyanda za Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Silaha za adui hazikumdhuru mpaka adui alipomwoza binti. Mume alipougua na kumwomba mkewe amchanje ili ampake dawa, alimwelekeza akichanje kivuli, nacho kikatoka damu. Mke akatoroka, akaipeleka siri kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukachomwa kivulini. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Samsoni na Delila. Methali ya Kiswahili imeufupisha mkasa wote: kikulacho ki nguoni mwako.

Mambo mawili yanastahili kusisitizwa. Kwanza, siri si pambo la kisa tu, bali ndiyo inayompa shujaa umbo lake la kisanaa. Shujaa asiyeweza kuuawa hana mwisho, na asiye na mwisho haimbiki. Pili, msaliti hutoka karibu: ni mwana, ni mke, ni wa nyumbani. Kwa hiyo wimbo wa shujaa, pamoja na kusifu, hufundisha pia namna ya kumtazama mtu wa karibu aliye na asili nyingine. Binti aliyeozwa kwa Magere anakumbukwa kwanza kwa kabila lake. Fundisho hilo lilikuwa na maana katika jamii zilizoishi kwa kupakana na kushambuliana. Katika mtaa ambamo jamii hizo zimepanga ploti moja, fundisho hilohilo huwa na uzito mwingine.

3.0 Mashujaa Wanaotazamana

Maadui wa Magere wanaitwa na Wajaluo Lang'o, jina linalowahusu majirani wao wa jamii ya Kalenjin, hasa Wanandi na Wakipsigis. Hivyo Mjaluo na Mnandi wakaao Huruma ni warithi wa kisa kimoja kwa pande mbili. Kwa mmoja ni msiba. Kwa mwingine ni ushindi wa akili juu ya nguvu. Hakuna toleo lisiloegemea upande.

Wanandi nao wana shujaa wao mkuu, Koitalel arap Samoei, orkoiyot aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza kati ya 1895 na 1905. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Hapa pia shujaa hakushindwa vitani. Aliuawa mahali ambapo mkono wa salamu ulitarajiwa. Baba yake, Kimnyole arap Turgat, aliuawa mnamo 1890 na Wanandi wenyewe waliomlaumu kwa mabalaa yaliyowapata. Katika kumbukumbu ya Wanandi utabiri unaonasibishwa naye kuhusu nyoka wa chuma, yaani reli, umesimama kama ushahidi kwamba watu walimpoteza mwonaji wao kwa mikono yao. Baada ya Wanandi kushindwa, ardhi kubwa ilitwaliwa, na kuanzia 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini waliingia katika uwanda wa Uasin Gishu. Mji uliotokea ulijulikana kwanza kama Sitini na Nne, kwa nambari ya shamba, kabla ya kupewa jina la Eldoret mwaka 1912. Kwa hiyo, kwa mwimbaji wa Kinandi, kumwimba Koitalel ni kuizungumzia ardhi ambayo juu yake Huruma imejengwa.

Mkikuyu aliyehamia eneo hilo baada ya uhuru, aghalabu kupitia kampuni na vyama vya ununuzi wa mashamba, alikuja na Dedan Kimathi na nyimbo za Mau Mau. Nyimbo hizo zilikuwa na historia ya kupigwa marufuku: muthirigu ya 1929 na 1930 ilizuiwa na serikali ya kikoloni, na katika miaka ya 1950 wapiganaji walizitia maneno yao katika tuni za nyimbo za kanisani ili maana iwapite wasiohusika. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 baada ya kupigwa risasi na askari wa polisi wa kikabila, Mkikuyu mwenzake, na akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kumwimba Kimathi nako ni kuizungumzia ardhi, lakini kwa dai tofauti: kwamba damu iliyomwagwa kwa ajili ya udongo ilimpa mwana wa mpiganaji haki ya kuununua na kuulima popote nchini.

Mbukusu ana ngome ya Chetambe ya 1895 na Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyefungwa na wakoloni na kutiwa ndani hata baada ya uhuru, na aliyefariki mwaka 1987. Masinde ni ushahidi kwamba dola na litungu havikubaliani daima juu ya nani ni shujaa.

Mashujaa hawa wote walimpinga mkoloni, na katika vitabu vya shule wamepangwa katika ukurasa mmoja kama ndugu. Lakini katika wimbo kila mmoja ana ardhi yake, na ramani za ardhi hizo zinapandana. Dai kwamba nyimbo za ukombozi huunganisha watu kwa kuwa adui alikuwa mmoja linasahau kwamba adui akiisha kuondoka, kinachobaki katika wimbo ni shamba.

4.0 Shujaa wa Redio

Dola changa ya Kenya ililijua tatizo hili, na suluhisho lake lilikuwa redio na Kiswahili. Sauti ya Kenya, iliyoitwa hivyo kuanzia 1964 na kugeuzwa kuwa KBC mwaka 1989, ilieneza nyimbo zilizomtoa shujaa kabilani na kumweka katika taifa. Mfano mashuhuri ni Wimbo wa Historia wa Enock Ondego, uliozoeleka kusikika redioni katika sikukuu za kitaifa. Kihistoria, kiini cha simulizi ya aina hiyo ni tarehe 20 Oktoba 1952, siku walipokamatwa Jomo Kenyatta na wenzake. Walioshtakiwa Kapenguria walikuwa sita: Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Ni orodha iliyovuka kabila moja, na Kiswahili kiliifanya iimbike na kila mtu.

Hata hivyo, shujaa wa redio alikuwa na kasoro yake. Siku ya kukamatwa kwa wengi iliitwa Siku ya Kenyatta, na kwaya za miaka iliyofuata, hasa katika enzi ya Nyayo, zilimsifu kiongozi aliye madarakani kana kwamba ushujaa ni cheo. Walioanguka katika mapambano mapya hawakuwa na nafasi katika nyimbo hizo. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, aliyemwombolezea kwa wimbo alikuwa Joseph Kamaru, kwa Kikikuyu. Shujaa aliyeikosoa dola alirudishwa katika lugha ya kwao, ingawa alichokipigania, yaani hali ya maskini, kilikuwa cha watu wa makabila yote.

Mageuzi ya kisiasa yalibadili mambo, lakini si kwa upande mmoja. Mwaka 2002 wimbo wa Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, ulioanza kama majigambo ya Kijaluo, uligeuka kuwa sauti ya kampeni ya NARC nchi nzima. Ulithibitisha kwamba kivugo cha jamii moja kinaweza kuwa cha wote iwapo wote wana wanachokipinga kwa pamoja. Kuanzia 2000 vilevile vilizuka vituo vya redio vya lugha za kienyeji. Vilirudisha hewani hazina kubwa ya nyimbo zilizokuwa zimesahauliwa, na hilo ni faida isiyopingika kwa fasihi. Papo hapo vilimwezesha kila mpangaji wa Huruma kumsikiliza shujaa wake peke yake. Tume ya Waki, katika ripoti yake ya 2008, iliyataja matangazo ya lugha hizo miongoni mwa mambo yaliyochochea uhasama wakati wa uchaguzi wa 2007. Mwaka 2012 wanamuziki watatu walishtakiwa kwa nyimbo zilizodaiwa kueneza chuki. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki ni kwamba mstari kati ya kumsifu kiongozi wa jamii na kumtisha jirani ni mwembamba. Sifa huhitaji adui, na adui akikosekana ng'ambo hutafutwa mlango wa pili.

5.0 Shujaa wa Mbio

Eldoret imemtoa shujaa wa aina nyingine, mwanariadha. Tarehe 20 Oktoba 1968, Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico kwa dakika 3 na sekunde 34.9, huku akiwa na maradhi ya nyongo. Ilikuwa sikukuu ya Kenyatta, hivyo siku iliyotengwa kwa mashujaa wa kifungo ilipata shujaa wa uwanjani. Katiba ya 2010 iliipa tarehe hiyo jina la Mashujaa, na leo siku hiyohiyo inaweza kubeba kumbukumbu zote mbili.

Mapokezi ya mwanariadha arudipo yana vijenzi vyote vya wimbo wa shujaa: vigelegele vya wanawake, kibuyu cha mursik, majina ya nasaba, masimulizi ya namna ushindi ulivyopatikana. Tofauti ni moja nayo ni ya msingi. Aliyeshindwa yuko mbali, na amepewa mkono baada ya mbio. Mwanariadha hana siri inayomuua, na hakuna jirani anayedhaniwa kuwa msaliti wake. Ndiyo maana Mkikuyu na Mluhya wa Huruma waliweza kuushangilia muda wa Eliud Kipchoge wa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019 bila kuulizwa ardhi ni ya nani.

Hata hivyo ni makosa kumfanya mwanariadha kuwa dawa. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, aliuawa karibu na Eldoret tarehe 31 Desemba 2007 katika machafuko ya baada ya uchaguzi. Sifa za uwanjani hazikumkinga. Shujaa wa mbio huunganisha watu kwa muda wa mbio. Hawaambii la kufanya wakati kundi lenye silaha linapopita mlangoni likiuliza ni nani aishiye chumba cha pili.

6.0 Shujaa Asiyeimbwa

Swali hilo la mlangoni liliulizwa kwa hakika. Machafuko ya kikabila katika Bonde la Ufa yalianza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, yakaenea miaka iliyofuata. Yalirudi kwa ukali baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Huruma ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyokumbwa. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo na kanisa kuu la Moyo Mtakatifu. Kwa nchi nzima, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa.

Pamoja na habari za mauaji zipo habari za waliowaficha majirani wao: chini ya kitanda, ghalani, darini, au kwa kumwita mgeni kwa jina la kabila la mwenyeji. Kwa kipimo chochote huo ni ushujaa. Aliyeficha alihatarisha uhai wake na wa watoto wake, dhidi ya nguvu iliyomzidi, bila silaha. Kwa nini basi tanzu zilizojadiliwa hapo juu hazina nafasi naye?

Jibu la kwanza ni la umbo. Shujaa wa kale anafanywa shujaa na siri inayotoka. Huyu anafanywa shujaa na siri isiyotoka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa imenyamaza. Bila ufichuzi hakuna kilele, na bila kifo hakuna maombolezo. Binti wa kisa cha Magere aliipeleka siri kwao, na kisa kikapata mwisho. Laiti angenyamaza, pengine Magere angekufa mzee na kusahauliwa.

Jibu la pili ni la kihistoria. Wimbo wa sifa hutaja jina, ukoo na mahali. Kumtaja aliyemficha mtu wa jamii nyingine ni kumtangaza mbele ya watu wake kuwa ndiye aliyekaa upande wa adui. Katika lugha ya wimbo wa kale yeye ndiye msaliti. Mtu huyohuyo ni akufaaye kwa dhiki kwa mmoja, na kikulacho kwa mwingine. Maadamu watu wale wale wanaendelea kupanga ploti zile zile, sifa inaweza kuwa hatari kuliko kusahauliwa.

Jibu la tatu ni la hadhira. Nyimbo za amani zilizosikika sana mwaka 2008, mathalani Daima wa Eric Wainaina, zilisifu nchi na uraia, si mtu. Uamuzi huo wa kisanaa unaeleweka, kwani kila jina lingeleta kabila. Lakini taifa halibishi hodi usiku. Anayebisha ni mtu, na anayefungua ni mtu.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba nyimbo za mashujaa haziunganishi wala hazitenganishi kwa asili yake. Zinafanya kazi kulingana na adui zilionaye na umbali wake. Nyimbo za upinzani zilibaki na ramani za ardhi zinazopandana. Redio ya taifa ilizifunika ramani hizo bila kuzifuta. Redio za kienyeji zikazifunua upya. Mwanariadha alizivuka lakini hakuzibadili. Aliyezikataa kwa kitendo, yaani jirani aliyeficha jirani, amebaki nje ya utanzu.

Hii haina maana kwamba fasihi haina mahali pa kuanzia. Katika kisa cha Liyongo mna mjakazi aitwaye Saada. Liyongo alipofungwa, alimpa ujumbe wa kishairi ampelekee mama yake. Mama akaoka mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake. Walinzi wakaitwaa ile mizuri, wakaudharau ule wa wishwa, ukamfikia mfungwa. Alipokuwa akikata pingu, kelele za gungu zikaifunika sauti ya tupa. Utenzi unamsifu Liyongo, na baada yake unamkumbuka mwana aliyemsaliti. Saada anapita mlangoni na kutoweka. Lakini bila ulimi wake uliojua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, pasingekuwa na Liyongo wa kuimbwa tena. Wimbo wenyewe katika sehemu hiyo umekuwa maficho: waliocheza gungu waliimba ili jambo jingine lisisikike.

Kwa watafiti wa fasihi simulizi mjini Eldoret, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, hapo pana kazi. Visa vya waliofichwa na waliowaficha vikusanywe wakati wahusika wangali hai, kwa ridhaa yao, na majina yao yalindwe. Visitafutwe katika nyimbo za jukwaani tu, bali pia katika shuhuda za kanisani, katika hotuba za mazishini na katika misemo ya wanawake wa sokoni, ambamo sifa inaweza kutolewa kwa fumbo. Mtaa uliobeba jina la Huruma unastahili kumbukumbu ya huruma iliyotendeka humo, hata kama kwa sasa kumbukumbu hiyo haina budi kuimbwa bila jina.